Jirani Amesogeza Ukuta: Mwongozo Kamili wa Mgogoro wa Mpaka kwa Mkazi wa Tanga

Asubuhi unatoka uani na mswaki mdomoni, unakuta mafundi wa jirani wamekwisha kufunga kamba. Imeanzia kwenye mnazi wa nyuma, imepita upande wako wa mnyaa alioupanda marehemu baba, ikaja kutokea barabarani. Sururu zimeshaingia ardhini. Moyo unakwenda mbio, na maneno ya kumwambia huyo jirani yanakuja kwa wingi kuliko uwezavyo kuyapanga.

Mama yangu yalimkuta Pongwe. Alikuwa na haki, alikuwa na mashahidi, na bado shauri lake la kwanza lilifutwa kabla shahidi hata mmoja hajasimama. Aliyemwandikia maombi aliandika "kiwanja kilichopo Pongwe, Tanga", basi. Ukubwa haukutajwa, wala nani anapakana naye upande upi. Baraza la ardhi likasema haliwezi kuamua juu ya kipande lisichokijua. Tukaanza upya, na miezi mingi ilikuwa imekwisha kupotea.

Tangu hapo nimeketi na watu wengi wenye migogoro kama ule, Makorora, Kange, Mwakidila, hadi mashambani Mkinga na Muheza. Wote nawauliza swali moja kwanza: mpaka wako uko wapi, kwa mita? Wengi hunijibu kwa kunisimulia tabia za jirani. Namsikiliza mtu mpaka amalize, maana donge lazima litoke, kisha namrudisha kwenye mita. Ugomvi wa mpaka ni suala la kipimo kabla haujawa suala la haki, na mwongozo huu wote umesimama hapo.

1. Siku ya kwanza: simamisha kazi bila kuvunja kitu

Usikate kamba, usifukie msingi, usivunje tofali hata moja. Najua inavyouma. Lakini ukivunja, kesho wewe ndiye utakayejibu shtaka la kuharibu mali, na suala la mpaka litabaki pale pale. Kwa jiwe la mpaka, lile tunaloliita bikoni, ndiyo usiguse kabisa: kuling'oa au kulisogeza kwa makusudi ni kosa la jinai, hata kama unaamini liliwekwa mahali pasipo pake.

Chukua simu upige picha. Simama mbali kidogo, picha ionyeshe kitu kisichohama: nguzo ya umeme, kona ya nyumba, mwembe, mnara wa msikiti. Picha ya shimo peke yake haisemi shimo hilo liko wapi. Kisha piga video moja ukitembea toka kona hadi kona, ukitaja kwa sauti tarehe, mahali na unachokiona. Usiikate wala kuipamba. Ibaki kwenye simu iliyoipiga, na mpe mtu unayemwamini nakala, kwa sababu siku ya kuitoa kama ushahidi utaulizwa imerekodiwa vipi, na nani, na imehifadhiwa wapi.

Halafu nenda kwa jirani mwenyewe, usigombane na mafundi, wao wametumwa. Salamu kwanza, kama kawaida yetu. "Shikamoo Baba Mwanahamisi. Naona kazi imeanza, hongera. Ila kamba naiona imeingia upande wetu kidogo. Nakuomba wasimame leo tu, kesho asubuhi tupime pamoja." Usitaje kesi siku hiyo. Ukishaitaja kesi, anayekusikiliza huacha kukusikiliza na kuanza kutafuta wakili.

Akikataa, mwite mwenyekiti wa mtaa pamoja na balozi wa nyumba kumi. Kijijini, mwenyekiti wa kitongoji. Waje waone kwa macho na waandike: tarehe, waliokuwepo, msingi umefika wapi. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuamua mpaka wa mtu. Hapa anakufaa kama shahidi, na kama sauti ya kumwomba jirani asubiri.

Polisi je? Nenda kama kuna panga, vitisho, au bikoni imeng'olewa. Lakini usiwatarajie wakuamulie mpaka. Mahakama zetu zimekwisha kueleza kwamba pale watu wanapobishania umiliki, kesi ya kuingia kwa jinai haisimami mpaka umiliki wenyewe uamuliwe kwanza kwa njia ya madai. Nimeona watu wakipoteza miezi kituoni huku nyumba ya jirani inapanda. Na kupanda kwake ndiko hatari yenyewe. Msingi unaweza kuondolewa kwa siku mbili. Nyumba iliyoezekwa, ina watu na watoto, ni shauri jingine kabisa.

2. Jua ardhi yako ni ya namna gani

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo njia zinapogawanyika.

Kiwanja kilichopimwa kina namba na kitalu, kina ramani ya upimaji iliyosajiliwa, na kila kona yake ina viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipo, vilivyohifadhiwa ofisini. Hata bikoni zote zikipotea, mpaka haujapotea, unaweza kufufuliwa. Kama una hati, au hata ile ofa ya zamani ya mzee, barua aliyogawiwa nayo kiwanja, uko katika kundi hili. Nenda ukafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati uone jina lililosajiliwa ni la nani na kama kuna zuio au rehani. Kisha ulizia ramani ya upimaji. Nimekutana na mtu aliyekuwa tayari kumshtaki jirani, ramani ikaonyesha kuwa ukuta wake mwenyewe wa miaka mingi ndio uliokuwa nje ya kiwanja. Heri kulijua hilo ukiwa ofisini kuliko ukiwa kizimbani.

Eneo lisilopimwa mjini ndilo lenye kelele nyingi. Wengi tulionunua pembezoni mwa mji tuna karatasi moja: hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Isome vizuri. Mara nyingi imeandikwa "hatua 20 kwa 30". Hatua za nani? Mtu mrefu anapiga hatua ya sentimita 90, bibi anapiga ya 75. Hatua 20 za huyo wa kwanza ni mita 18, za bibi ni mita 15. Mita 3 ni upana wa chumba! Kama muuzaji na mashahidi wa siku ile wako hai, watafute leo, warudi kiwanjani, waonyeshe tena walipokanyaga, na mpime kwa futi kamba.

Na kama unakaa Ngamiani, kwenye nyumba zile za zamani zilizokaribiana, chunguza kwanza iwapo kinachogombewa ni uchochoro. Njia ya watu baina ya nyumba si yako wala ya jirani. Hapo anayehusika ni serikali ya mtaa na Halmashauri ya Jiji, na wewe na jirani mnaweza kuwa upande mmoja dhidi ya anayeiziba.

Shamba la kijijini linasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika 2001. Unaweza kuwa na hati ya hakimiliki ya kimila, na unaweza usiwe nayo. Kutokuwa na karatasi hakufuti haki ya kimila iliyopatikana kihalali. Lakini mpaka wake utaonekana kwa alama za ardhini: safu ya mkonge, mibono, mnyaa, mtaro, kaburi, kisiki cha mwembe. Pwani yetu kuna jambo moja la kuliangalia sana. Kwa mila zetu, mtu anaweza kuwa na minazi juu ya ardhi ya mwenzake. Ukiona jirani anaangua nazi za mnazi fulani miaka yote, hilo peke yake halimaanishi udongo ulio chini yake ni wake. Kinyume chake ni kweli pia. Uliza mnazi ulipandwa na nani, na kwa ruhusa ya nani.

3. Pima, na jirani awepo

Kwa kiwanja kilichopimwa, kazi hii inaitwa ufufuaji wa mipaka. Unaandika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, idara ya ardhi, ukiambatisha nakala ya hati au ofa. Unapewa namba ya malipo, unalipa serikalini, unatunza risiti. Usimpe mtu fedha mkononi eti akuharakishie. Kipimo kilichopatikana hivyo kitakuangusha siku jirani akiuliza kilitoka wapi. Unaweza pia kumtumia mpima ardhi binafsi, mradi awe amesajiliwa na afanye kazi kwa kumbukumbu za ramani iliyosajiliwa, si kwa kuonyeshwa na wewe.

Mpe jirani taarifa ya maandishi ya siku na saa, na nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Hii ni nusu ya kazi yote. Mpima akija jirani hayupo, jirani ataishi akiamini umemnunua. Akiwepo, akaona chombo kikisimamishwa na akaona bikoni ya zamani ikifukuliwa mahali pale pale kilipoonyesha, mara nyingi ugomvi unakwisha hapo hapo. Nimeshuhudia wazee wawili Kange waliokuwa hawasalimiani wakichimba pamoja kwa mikono kutafuta jiwe. Walipolipata, mmoja alimpisha mwenzake akae kivulini.

Mkiweza, changieni gharama. Atakayelipia nusu hawezi kukikataa kirahisi kipimo alicholipia.

Tahadhari juu ya simu: programu za ramani za simu hukosea kwa mita kadhaa. Zinafaa kukuonyesha njia ya kwenda Pangani, hazifai kuamua ukanda wa mita moja. Picha za satelaiti za miaka ya nyuma kwenye Google Earth zina msaada wa aina nyingine. Zinaweza kuonyesha kwamba mwaka fulani ua ulikuwepo au nyumba ilikuwa haijajengwa. Zichukulie kama ushahidi wa kilichokuwepo na lini, si wa mita ngapi, kwa sababu picha hizo nazo zinaweza kukaa kando kidogo ya mahali halisi.

Kwa eneo lisilopimwa, pima kwa futi kamba pande zote nne mbele ya majirani wa pande zote, chora mchoro wa mkono, andika urefu wa kila upande, na kila aliyekuwepo atie saini. Mchoro wa kalamu uliosainiwa na majirani watatu nimeona ukishinda maneno mengi.

4. Kusanya ushahidi, ukianzia kwa wasioalikwa harusini

Karatasi ni lazima: hati, ofa, mauziano, risiti za kodi ya ardhi, kibali cha ujenzi, barua za zamani za ofisi. Hati ya mauziano isiyolipiwa ushuru wa stempu huwekewa pingamizi. Nenda TRA ulipe kabla hujafika barazani, usingoje kuumbuliwa mbele ya watu.

Lakini kwa migogoro yetu, hasa ya mashamba, mashahidi wana uzito mkubwa, na watu huwachagua vibaya. Huleta ndugu. Ndugu zako watasema ya kwako na ndugu zake watasema ya kwake. Mtafute asiye na upande: jirani wa nyuma anayepakana nanyi wote wawili, muuzaji wa awali, mpangaji wa zamani aliyehama, fundi aliyejenga ukuta wa kwanza. Na mkwezi. Mkwezi aliyekwea minazi ya mashamba yote mawili kwa miaka anajua kila mnazi nazi zake zilipelekwa kwa nani, na hana faida yoyote ya kudanganya. Shauri moja la Mkinga nililolifuatilia liligeuka kwa ajili ya mzee wa namna hiyo. Aliutembea mpaka mti kwa mti, bila karatasi.

Kabla hujasonga mbele, yapo mambo mawili yanayoua kesi nzuri.

La kwanza ni miaka 12. Sheria ya Ukomo inakupa miaka 12 ya kudai ardhi yako tangu uliponyang'anywa. Jirani akikaa kwenye ukanda wako muda huo wote kama wake, waziwazi, nawe umenyamaza, mlango wa kudai unaweza kufungwa. Uliyemkaribisha mwenyewe ni habari nyingine: mtu uliyempa alime au ajibanze kwa ruhusa yako hageuki kuwa mwenye ardhi kwa kukaa tu. Ndiyo maana ruhusa hata ya kijirani, ya kuweka kuni au kibanda cha mbuzi, ni vizuri iandikwe.

La pili ni mirathi. Kama kiwanja bado kina jina la marehemu, mwenye uwezo wa kushtaki au kushtakiwa kwa ajili yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Hata uwe mtoto wa kwanza, hata uwe umezaliwa humo ndani. Shauri litafutwa. Fungua kwanza mirathi, pata barua ya usimamizi, ndipo urudi kwenye mpaka.

5. Kikao cha majirani na karatasi yake

Sasa una vipimo. Rudi kwa jirani, safari hii mkiwa na watu wawili watatu wanaoheshimika pande zote: imamu, padri, mzee wa mtaa, shangazi ambaye wote mnamwogopa kidogo. Weka mchoro mezani. Sema tofauti kwa mita: "Tunatofautiana mita 1 na nusu upande wa barabara, nyuma hatutofautiani." Watu waliokuwa wakigombea "kiwanja" hushangaa kuona wanagombea upana wa mlango.

Zipo suluhu nyingi kuliko kubomoa. Jirani anaweza kukulipa thamani ya ukanda. Mnaweza kubadilishana ukanda wa mbele na wa nyuma. Mnaweza kukubaliana ukuta uliopo ubaki, ila atakayejenga upya atarudi mstarini. Kwa kiwanja chenye hati, mabadiliko ya mpaka lazima yapite ofisi ya ardhi na kupimwa upya. Mkikubaliana mdomoni tu, hati zitaendelea kusema yale ya zamani.

Karatasi yenyewe iandikwe kwa lugha ya kawaida, kwa mfano hivi:

"Sisi … na …, wenye maeneo yanayopakana katika Mtaa wa …, Kata ya …, tumekubaliana kuwa mpaka wetu ni mstari ulionyooka kutoka … hadi …, wenye urefu wa mita …. Bwana … ataondoa msingi uliovuka mstari huo kabla ya tarehe …. Maji ya paa la kila mmoja yatateremkia kwake."

Msisahau hiyo sentensi ya maji. Mipaka mingi ilikubaliwa wakati wa kiangazi ikavunjika masika. Andikeni pia shimo la choo litakaa wapi, na matawi ya mwembe yatakatwa na nani. Wenza wa pande zote mbili watie saini, na mashahidi, na mwenyekiti agonge muhuri.

6. Baraza la kijiji na baraza la kata: usuluhishi tu

Mkishindwa, ndipo sheria inaingia. Muundo wake uliwekwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Na. 2 ya 2002. Kijijini mnaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu 7, wanawake wasiopungua 3. Mjini mnaanzia Baraza la Kata, lenye wajumbe 4 hadi 8, watatu wao wanawake. Mawakili hawaruhusiwi kusimama kama mawakili mbele ya Baraza la Kata, jambo linalompa nafuu mtu wa kawaida.

Wengi bado wanadhani Baraza la Kata linatoa hukumu. Zamani lilitoa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo, na sasa kazi yake ni kusuluhisha. Usitoke pale ukishangilia kwamba "nimeshinda kata".

Hata hivyo usiliruke. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri bila kuonyeshwa hati ya Baraza la Kata inayothibitisha kwamba usuluhishi ulijaribiwa ukashindikana. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, una haki ya kwenda mbele. Basi unapopeleka malalamiko yako, hakikisha katibu ameyagongea muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yako; siku 30 utazithibitisha kwa nini kama huna tarehe ya kuanzia? Na kama usuluhishi ukifanikiwa, maneno ya makubaliano yaandikwe kwa mita, kama nilivyoonyesha juu.

7. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya

Hili ndilo linaloamua. Kwa madai ya kurudishiwa ardhi, mamlaka yake yanafikia thamani ya shilingi milioni 300; yakizidi hapo ni Mahakama Kuu. Shauri linaendeshwa kwa Kiswahili. Unaweza kusimama mwenyewe, au kuwakilishwa na wakili, au na ndugu au mtu wa nyumbani kwako. Huna fedha? Wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii.

Kosa la mama yangu lisikupate. Eneo lielezwe hivi: "Eneo lisilopimwa lililopo Mtaa wa …, Kata ya …, Jiji la Tanga, lenye ukubwa wa mita 18 kwa 25. Kaskazini linapakana na barabara ya mtaa, kusini na …, mashariki na mjibu maombi, magharibi na …. Sehemu inayobishaniwa ni ukanda wa mashariki, wenye upana wa mita 2.4 upande wa barabara na mita 1.1 upande wa nyuma, kwa urefu wa mita 25." Ukanda huo ni kama mita za mraba 44. Mwenyekiti wa baraza akisoma hivyo anakiona kipande kabla hajatoka ofisini. Kama ni kiwanja kilichopimwa, namba na kitalu vinatosha kukitambulisha, ila sehemu inayobishaniwa bado uieleze.

Fikiri vizuri unamshtaki nani. Kama wewe na jirani mmeuziwa ukanda ule ule na mtu mmoja, muuzaji huyo aunganishwe. Shauri linaweza kubatilishwa huko mbele kwa kumwacha nje. Kama chanzo ni halmashauri kugawa kiwanja mara mbili, njia inabadilika kabisa: unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na unafungua Mahakama Kuu. Hilo usilifanye bila mwanasheria.

Ujenzi ukiwa unaendelea, siku ile ile ya kufungua shauri omba zuio la muda. Utatakiwa uonyeshe kwamba kuna hoja ya msingi ya kuamuliwa, kwamba bila zuio utapata hasara isiyolipika kwa fedha, na kwamba wewe utaumia zaidi likikataliwa kuliko jirani atakavyoumia likikubaliwa. Picha zako za siku ya kwanza zinafanya kazi yake hapa.

Siku ya kusikilizwa, anayedai ndiye anayethibitisha. Mwenyekiti huketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na wazee hao wanatakiwa kutoa maoni yao kwa maandishi kabla ya hukumu. Sikiliza kama maoni yamesomwa mbele yenu. Hukumu kadhaa zimefutwa juu kwa sababu maoni hayo hayakuwepo kwenye kumbukumbu, na mshindi akarudi kuanza moja akiwa amechoka.

Kwa mgogoro wa mpaka, liombe baraza litembelee eneo. Likienda, wahusika wote wawepo, mashahidi waonyeshe walichokisema, vipimo vichukuliwe, na kila kitu kiandikwe na kusomwa tena barazani. Mahakama ya Rufani ilieleza utaratibu huo tangu mwaka 1980. Ziara ya kimyakimya na upande mmoja ni sababu tosha ya kuomba hukumu itenguliwe. Na siku hiyo usimpikie mwenyekiti chakula. Maji ya kunywa yanatosha, na jirani naye apewe.

8. Baada ya hukumu

Usiporidhika, rufaa inakwenda Mahakama Kuu, ambayo ina masjala hapa hapa Tanga, ndani ya siku 45. Omba nakala ya hukumu na ya tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu, siku hiyo hiyo, kwa barua.

Ukishinda, usibomoe mwenyewe. Omba utekelezaji, na dalali aliyeidhinishwa ndiye atakayeondoa kilichovuka. Na hata ukiwa na tuzo mkononi, bado unaweza kukaa na jirani mkaandika makubaliano na kuyasajili barazani. Kisha weka alama za kudumu, zipigwe picha, na vipimo viandikwe nyuma ya nakala.

Shauri la pili la mama halikufika kwenye hukumu. Baada ya baraza kutembelea eneo, jirani yake aliona futi kamba ikinyooshwa mbele ya watu, jioni akaja na mwanawe mkubwa kuomba waongee. Aliurudisha msingi mita 1 na sentimita 60. Makubaliano yalisajiliwa kuwa tuzo, yakatolewa nakala nne: moja barazani, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja kwetu, na moja anayo jirani.